Starlet ya bi mkubwa yapigwa turbo uani Tabata

Kuna mlio mmoja ukiusikia barabarani huusahau. Kagari kadogo, rangi imepauka, kanapita taratibu mbele ya kituo cha daladala na watu hawana habari nako. Ghafla dereva anakanyaga mafuta. Unasikia fiiiii kama birika linalochemka, halafu pshhh! Kagari kameshatokomea, wewe umebaki umeshika begi lako. Wajuaji wa pale kituoni watakutazama kwa huruma na kukwambia: "Hiyo ina turbo, mwanangu."

Basi leo, mpenzi msomaji, tuongee habari za turbo. Sizungumzii zile za kwenye magari ya wakubwa yanayoshushwa bandarini yakiwa na nailoni kwenye viti. Nazungumzia ya kufunga mwenyewe, uani kwenu, kwenye gari la zamani ambalo mama yako ameshaanza kulianikia nguo.

Kwanza tuelewane turbo ni kitu gani, maana mtaani kila mtu anajifanya profesa. Injini inakula vitu viwili, petroli na hewa. Petroli unaweza kuiongeza upendavyo, lakini bila hewa ya kutosha haitaungua, itakutolea moshi mweusi tu. Injini ya kawaida inavuta hewa yenyewe kwa kunyonya, kama mtu anayekunywa soda kwa mrija. Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi wa ekzosi, ule ule ambao ungetoka nje bure. Ya pili, kwa kuwa iko kwenye mhimili huo huo, inazunguka nayo na kuisukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye injini. Mzunguko wake sasa! Injini ya petroli ikilia kweli kweli inafika mizunguko 6,000 au 7,000 kwa dakika. Turbo ndogo inapita 100,000 bila wasiwasi.

Aliyebuni mambo haya ni Mswisi, injinia Alfred Büchi, aliyepata hakimiliki ya wazo lake mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alibeba injini ya ndege mpaka kileleni Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000 juu, ili kuonyesha kuwa turbo inairudishia injini pumzi mahali ambapo hewa ni nyepesi. Hilo linatuhusu sana sisi. Gari lisilo na turbo likitoka Dar likapanda mpaka Mbeya au Nairobi linapoteza nguvu nyingi tu, kwa sababu hewa ya kule imepungua. Lenye turbo linajisukumia lake.

Na kama unadhani hizi ni hadithi za Ulaya tu, waulize wazee waliokuwa wakikaa kando ya barabara kusubiri Safari Rally kule Kenya. Toyota Celica yenye turbo ilishinda mara tatu mfululizo, mwaka 1984, 1985 na 1986. Mwaka 1994 akashinda Mkenya, Ian Duncan, naye akiwa ndani ya Celica ya turbo. Vumbi, matope, mawe, joto, na turbo ikafika. Kwa hiyo atakayekwambia turbo haiwezi barabara zetu, mwambie hajafanya utafiti.

KWA NINI STARLET?

Sasa tushuke mtaani. Toyota Starlet unaijua, hata kama hujui kuwa unaijua. Ile ya umbo la EP82 ilianza kutengenezwa Japani mwishoni mwa mwaka 1989, na zilizokuja kwetu kwa mtumba zilikuwa nyingi kiasi kwamba kila ukoo una angalau mjomba mmoja aliyewahi kuwa nayo. Nyingi ni za kawaida, injini ya 4E-FE, sisi 1,331, gari la kwenda kazini na sokoni.

Ila Wajapani hawakuishia hapo. Walitoa na nyingine iitwayo GT Turbo, mwili huo huo na sisi hizo hizo 1,331, lakini injini yake ni 4E-FTE. Hiyo T katikati ndiyo yenye utamu wote. Inatoa nguvu za farasi 135, kwenye gari lenye uzito wa kilo 800 na kidogo. Fikiria mtu mwembamba mwenye miguu ya mwanariadha. Ndiyo maana vijana wa Dar, wa Nairobi na wa Kampala wanazisaka injini hizo kama dhahabu. Zinaingia kwenye Starlet ya kawaida karibu bila kukata kitu, kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja.

Mtu anaweza kuuliza, si uchukue tu turbo uifunge kwenye injini ile ile ya kawaida? Inawezekana, na wapo wanaofanya. Lakini hapo ndipo hela zinapoungua. Injini ya kawaida inaikandamiza hewa mara 9.6 kabla ya kuilipua, ile ya turbo inakandamiza mara 8.2 tu. Walipunguza makusudi. Hewa ya turbo inaingia ikiwa tayari imeshindiliwa. Ukiishindilia zaidi inapata joto mpaka petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Unasikia ka-ka-ka-ka kama mtu anagonga kopo kwa msumari. Ukipuuza, pistoni inapasuka au inayeyuka. Zaidi ya hapo, konrodi za 4E-FTE ni ngumu kuliko za mwenzake. Krenki ni ile ile, kwa hiyo usidanganywe na muuza spea anayekuuzia "krenki spesho ya turbo".

KIKAO CHA HARUSI

Kuna jamaa mmoja wa Tabata ambaye nimekuwa nikienda kwao karibu kila Jumamosi, mwaka mzima. Jina lake hataki litoke gazetini, maana anasema bado ana madeni ya spea. Starlet yao ni ya marehemu baba yake. Mzee alipofariki bi mkubwa akaitumia kupelekea vitumbua maofisini, mpaka siku moja kaka mtu aliyekuwa akiendesha akapata joto Buguruni. Mshale ulikuwa umegota juu kabisa, naye akasema "nifike tu nyumbani". Alifika. Silinda hedi ilifika ikiwa imepinda.

Gari likakaa miaka miwili uani. Kuku wakatagia kwenye kiti cha nyuma.

Halafu dada yao akapata mchumba. Kwenye kikao cha familia hoja ikaja waziwazi kuwa gari liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, hela iingie kwenye mchango. Jamaa akasimama. Alikuwa ndiyo kwanza amepokea hela yake ya mchezo, akawaomba wampe mpaka mwezi wa kumi na mbili. Bi mkubwa akamtazama kwa muda mrefu.

"Baba, hilo gari ndiyo kitu pekee alichotuachia mzee chenye magurudumu. Lisipowaka mpaka Desemba, nawaita wenye mizani mimi mwenyewe. Na hela yako ya mchezo ikiishia humo, usije kuniomba nauli."

Akanunua injini ya 4E-FTE ya mtumba, kamili na turbo yake, nyaya zake na kontroli boksi. Muuzaji alimwambia imetoka Japani na imetembea kilomita chache, maneno ambayo sijawahi kusikia muuzaji yeyote akisema kinyume chake. Walipoipima kampresheni nyumbani, silinda tatu zilikuwa zinalingana, ya nne ilikuwa chini kabisa. Hela imeshalipwa, risiti imeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Ndipo akaingia mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi wa enzi za Peugeot 504, ambaye vijana walikuwa wakimcheka kwa sababu hana kompyuta ya kupimia gari. Alikuja na kopo la chai, akakaa juu ya tairi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmefungua?"

"Bado mzee, tulikuwa tunafikiri labda ringi zimeganda tu, tutie oili ya..."

"Bwana mdogo, injini haisomwi kwa kufikiri. Fungua."

Wakafungua. Pistoni ya nne ilikuwa imepasuka pale kwenye ukingo unaoshika ringi. Mzee akasema huyo mwenye gari kule Japani aliongeza presha akasahau mafuta. Ni ugonjwa wa kawaida wa turbo. Hewa ikiongezeka na petroli isipoongezeka, moto unakuwa mkali kama wa kuchomelea, na chuma cha pistoni kinachoka.

Hapa jamaa angeweza kufanya kama wengi, yaani kubadilisha pistoni moja, kufunga na kuomba Mungu. Mzee akamkatalia. Silinda zilikuwa zimechunika, kwa hiyo waliagiza pistoni nne mpya za kuzidi nusu milimita na ringi zake. Tundu la silinda la asili lina upana wa milimita 74. Likachongwa hadi 74.5. Na sikiliza hili, wewe unayetaka kujaribu: mzee hakuruhusu silinda zipelekwe kuchongwa mpaka pistoni zenyewe zimefika mkononi. Kila pistoni ilipimwa, ndipo mchongaji akafuata kipimo hicho. Wanaochonga kwanza na kununua pistoni baadaye ndio unaowaona wanakunywa oili lita kwa wiki. Kwa hesabu, injini imepanda kutoka sisi 1,331 kufika kama 1,350. Si kitu, ila jamaa anaisema utadhani ameongeza silinda mbili.

Silinda hedi ilipelekwa kusawazishwa. Beringi zote mpya, pampu ya oili mpya, belti ya taimingi mpya, gasketi zote mpya. Winchi ya mnyororo walitaka kuining'iniza kwenye mwembe, bi mkubwa akatoka na mwiko: "Mkivunja mwembe wangu mtalala nje nyote, pamoja na huyo mzee wenu." Wakachomelea fremu ya mabomba. Fremu hiyo sasa inakodishwa mtaani, na nadhani imeshaingiza hela kuliko gari.

Jambo lililonifurahisha zaidi lilikuwa spana moja ndefu ya mzee yenye mshale, toki renchi, ile inayokuonyesha umekaza boli kwa nguvu kiasi gani. Mafundi wengi mtaani wanakaza kwa kusikilizia mkono. Mzee alikuwa akikaza boli za silinda hedi kuanzia katikati kwenda nje, zamu kwa zamu, kidogo kidogo, na mtu asimsemeshe. Hata redio ilizimwa.

MOSHI MWEUPE NA KILIO

Mwezi wa kumi na moja katikati, injini ikawekwa ndani ya gari. Wakapiga stata, ikawaka. Vigelegele! Majirani walichungulia. Dakika tatu hivi baadaye bomba la ekzosi likaanza kutoa moshi, mwanzo kidogo, kisha uani kote kukawa kama wanafukiza mbu. Jamaa alikaa chini kabisa. Turbo imekufa, hela ya turbo nyingine hana, na wenye mizani wamebakiza wiki nne.

Mzee hakutazama turbo. Alilala chini ya gari akaanza kufuata mpira unaorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye karta, kule chini oili inakokaa. Vijana walikuwa wameupitisha kwa mzunguko ili usiguse ekzosi, ukawa na kona inayopanda kidogo kabla ya kushuka.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri yote. Oili inaingia kwenye turbo kwa presha ya pampu, lakini inatoka kwa kushuka tu yenyewe, kama maji ya mvua kwenye mfereji wa paa. Ukiuweka mfereji kilima, maji yanajaa. Oili ilijaa ndani ya turbo, ikakosa pa kwenda, ikapenya kwenye ekzosi na kuungua. Turbo ilikuwa nzima kabisa. Waliunyoosha mpira ukashuka moja kwa moja, ukalindwa na bati lisipate joto, wakawasha tena. Moshi uliendelea kama nusu saa mpaka oili ya zamani ilipokwisha kwenye bomba, kisha ukakata. Sijui ni turbo ngapi nzima ambazo zimetupwa mjini hapa kwa ajili ya kona kama ile.

Washikaji wakataka waende kujaribu usiku huo huo. Mzee akauliza swali moja: "Itasimama?" Breki zilikuwa za ile Starlet ya vitumbua, diski zimeisha mpaka zina ukingo kama sahani. Mchezo ukaahirishwa siku kumi mpaka zikapatikana breki za mbele za GT Turbo, diski nene zenye matundu ya hewa katikati, pamoja na shokapu na matairi manne yasiyo na vipara. Hapa, msomaji, niseme ukweli wangu: vijana wengi wanafunga turbo kwanza na kufikiria breki baadaye, na wengine hiyo baadaye hawaifikii. Ukipenda kukasirika kasirika.

KUILISHA

Kuna kitu kingine ambacho kwetu huku ni lazima ukijue. Turbo inataka petroli safi. Mnakumbuka lile neno uchakachuaji lilivyovuma mwaka 2010? Mafuta ya taa yalikuwa yakichanganywa kwenye petroli na dizeli, mpaka EWURA wakaanza mwaka huo kutia vinasaba kwenye mafuta ili waweze kuwakamata wahusika, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa yasiwe na faida kuchanganya. Injini ya kawaida ikinywa petroli yenye mafuta ya taa inakohoa tu. Ya turbo inakufa, kwa sababu mafuta ya taa yanaharakisha ule mlipuko wa kabla ya wakati niliokueleza. Kwa hiyo ukiwa na turbo usinunue petroli ya kwenye chupa kando ya barabara, hata muuzaji awe shemeji yako.

Halafu joto. Umewahi kupampu baiskeli ukashika pampu? Inachoma. Hewa ikishindiliwa inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, inaharibu kazi yote. Ndiyo maana juu ya injini ya Starlet kuna kitu kama rejeta ndogo ya kupoza hewa ya turbo kabla haijaingia, na boneti ya GT ina tundu la kuipulizia upepo. Jamaa hana boneti ya GT. Alichonga tundu kwenye boneti ya zamani kwa msumeno wa chuma, akalizungushia mpira. Kwa mbali linapendeza. Ukisogea, basi.

Presha yenyewe ina ngazi mbili toka kiwandani, kama 0.4 kwa ndogo na 0.65 kwa kubwa, kwa kipimo cha baa. Zile 0.65 hazifiki hata theluthi moja ya upepo wa tairi lako, lakini kwa injini ndogo ni karamu. Kuna valvu inayoachia moshi usiizungushe turbo kupita kiasi. Wapo wanaoidanganya ili presha ipande. Jamaa ameachiwa ngazi ndogo tu na mzee mpaka aongeze pampu ya mafuta yenye nguvu. Kilomita 1,000 za kwanza alitembea bila kukanyaga sana, ringi zizoeane na silinda, kisha akamwaga oili na kuweka mpya. Na kila akifika mahali haizimi palepale. Anaiacha kwenye silensa kama dakika moja, turbo ipunguze mwendo na ipoe, vinginevyo oili iliyobaki ndani inaungua na kuwa mkaa. Abiria wanaodhani anasubiri nauli wamekuwa wengi.

Karatasi nazo, usizipuuze. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukibadili injini, nenda TRA na risiti yako ukabadilishe taarifa, na bima wajulishwe. Siku ya ajali hakuna atakayetaka kusikia habari za mwembe na mabomba. Na askari wenye tochi wanazijua sana Starlet za namna hii. Palipoandikwa 50 ni 50, hata kama chini ya mguu wako kuna farasi 135.

Tarehe 12 Desemba Starlet ilitoka getini kwa mara ya kwanza na bi mkubwa kiti cha mbele, kwenda kuchukua vitenge vya sare Kariakoo. Harusi ilikuwa ya Jumamosi iliyofuata, na gari lilibeba masufuria na akina shangazi wanne bila kulalamika. Bi mkubwa amerudi kwenye vitumbua vyake maofisini, na anaendesha mwenyewe. Juzi nilimkuta anaiosha, akaniambia gari ni zuri ila fundi arudi aangalie, kuna nyoka analia chini ya boneti kila akipita lori.